Somo: WiFi Imekata Kwenye Kompyuta? Usikimbilie Kupiga Windows

Habari zenu wakuu.

Miaka yangu ya mwanzo kwenye ufundi, mama mmoja wa mtaani aliniletea laptop akisema haishiki mtandao. Sikumuuliza hata swali moja. Nilihamisha mafaili yake, nikapiga Windows upya (yaani kuifuta na kuiweka tena), nikaweka draiva zote (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya kompyuta), kazi ya nusu siku nzima. Pale kwangu ikashika WiFi bila shida, nikachukua hela yangu. Jioni simu ikaita: "Mwanangu, mbona iko vilevile?" Nilipokwenda kwake nikakuta rauta yake (kile kiboksi kinachorusha WiFi) ya laini ya simu imeishiwa bando. Laptop haikuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Hela nilimrudishia, na tangu siku ile sigusi kompyuta ya mtu kabla sijajua uzi umekatikia wapi.

Maana intaneti ya nyumbani ni uzi wa vipande vitatu: kutoka kompyuta hadi rauta, kutoka rauta hadi kampuni inayokuuzia huduma, na kutoka pale hadi tovuti unayoitaka. Ile alama ya WiFi kwenye skrini inakupa habari za kipande cha kwanza tu. Ndiyo maana inaweza kujaa mistari yote na bado hakuna kinachofunguka.

Somo hili ni la Windows 10 na 11. Microsoft walisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini majumbani bado naikuta kila siku, kwa hiyo siwezi kuiruka. Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee.

Hatua ya 1: Anza na simu

Chukua simu, zima data ya laini, kisha iunge kwenye WiFi ileile inayokusumbua. Usiache kuzima data. Simu nyingi zikiona WiFi haina intaneti huhamia kwenye data kimyakimya, wewe ukabaki unaisifia rauta wakati unakula bando la simu. Fungua tovuti ambayo hujaifungua leo.

Ikiwa simu nayo imegoma, iache kompyuta ipumzike. Angalia salio la bando kwanza. Kama ni fiber, yaani intaneti inayokuja kwa mwanga ndani ya waya, tazama taa za kile kiboksi: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki, huenda waya umekatika, umekunjwa au umechomoka. Hapo hakuna cha kufanya kwenye kompyuta, ni kumpigia mtoa huduma. Kama bando lipo na taa ni shwari, chomoa rauta kwenye umeme, hesabu sekunde 30, irudishe na uisubiri dakika tatu hivi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, rauta nyingi huwaka zikiwa zimeduwaa.

Tafadhali usichokonoe kile kitundu kidogo cha reset kwa pini. Kinafuta kila kitu, hata mipangilio ambayo kampuni iliiweka siku ya kufunga huduma, na utajikuta unamsubiri fundi wao kwa tatizo ulilojitengenezea.

Simu ikipata na kompyuta ikakosa, hapo sasa tuna kazi.

Hatua ya 2: Restart, siyo Shut down

Watu wengi huniambia "nimeizima na kuiwasha mara tano". Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa fast startup. Kikiwa kimewashwa, ukibonyeza Shut down kompyuta haijizimi yote, huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na draiva iliyokwama inahifadhiwa pamoja nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Mara tano za Shut down hazifikii Restart moja.

Hatua ya 3: Je, WiFi imewashwa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na A. Hakikisha WiFi imewaka na alama ya ndege imezimwa. Laptop nyingi zina kitufe cha kibodi chenye picha ya ndege au mnara, na watoto wakicheza nayo ndicho wanachobonyeza. Za zamani zina swichi kabisa ubavuni. Iguse kwa kidole, usiitafute kwa macho.

Hatua ya 4: Sahau mtandao, uunge upya

Kama mtu alibadilisha paswodi ya rauta, kompyuta itaendelea kung'ang'ania ya zamani. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, kisha Manage known networks. Chagua mtandao wako, bonyeza Forget, halafu uunge upya kwa kuandika paswodi herufi kwa herufi.

Hatua ya 5: Iulize kompyuta yenyewe

Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka, na ndipo penye majibu. Bonyeza Windows na R, andika `cmd`, Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika:

`ipconfig`

Tafuta sehemu ya Wi-Fi, kisha mistari miwili: IPv4 Address (anwani, yaani namba ya kompyuta yako kwenye mtandao) na Default Gateway (namba ya rauta). Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani kwa rauta, haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Mistari ya WiFi itaonekana lakini hutakwenda popote. Andika `ipconfig /release`, halafu `ipconfig /renew`. Ikirudi ileile, zima rauta na uiwashe tena.

Kama anwani ni nzuri, mara nyingi huanza na 192.168, endelea hivi:

`ping 192.168.1.1`

Ping ni kama kubisha hodi kwenye mashine nyingine uone kama itajibu. Weka namba ya Default Gateway yako badala ya hiyo. Ikijibu, kipande cha kwanza cha uzi ni kizima. Kisha:

`ping 8.8.8.8`

Hii ni mashine ya Google. Ikijibu, kipande cha pili nacho ni kizima, intaneti unayo. Mwisho:

`ping google.com`

Kama 8.8.8.8 inajibu na google.com haijibu, tatizo ni DNS, yaani kile kitabu cha kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Andika `ipconfig /flushdns` ujaribu tena. Ikigoma, bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`, bonyeza kulia kwenye Wi-Fi, Properties, Internet Protocol Version 4, Properties tena, kisha uweke DNS 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Nimewahi kuokoa kompyuta tatu za familia moja kwa hatua hii peke yake, na mmoja wao alikuwa tayari amepewa bei ya kupigiwa Windows.

Hatua ya 6: Draiva

Bonyeza Windows na X, chagua Device Manager, fungua Network adapters. Kifaa cha WiFi kikiwa na mshale wa chini, kimezimwa: bonyeza kulia, Enable. Kikiwa na alama ya njano, draiva ina hitilafu. Kiondoe kwa Uninstall device, bila kuweka tiki ya kufuta draiva, kisha Restart. Windows itakirudisha yenyewe.

Kama tatizo lilianza baada ya Windows kujisasisha, ingia Properties za kifaa hicho, ukurasa wa Driver, ubonyeze Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna draiva ya zamani ya kurudia.

Hatua ya 7: Network reset

Hii huanzisha upya mipangilio ya mtandao ya kompyuta. Iwe ya mwisho. Kwenye Windows 11 iko chini ya Advanced network settings, kwenye 10 iko ukurasa wa Status. Itafuta WiFi zote ulizohifadhi, kwa hiyo uwe na paswodi yako karibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimenunua kompyuta ya mezani, mtumba wa ofisini. Haina alama ya WiFi kabisa, wala sehemu ya kuiwashia. Draiva nimeweka zote.

Jibu: Uwezekano mkubwa haina kadi ya WiFi. Mashine za ofisi zilikuwa zinatumia waya, wengi hawakuona haja ya kuweka kadi. Nunua dongo (dongle) ya WiFi ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka kinachofanya kazi ya kadi hiyo, au vuta waya wa mtandao kutoka kwenye rauta. Ukinunua dongo, usiichomeke nyuma ya mashine iliyosukumwa ukutani, lile boksi la chuma linakula mawimbi. Ichomeke mbele.

Swali: Simu inaiona WiFi ya nyumbani, laptop haiioni hata jina. Ya jirani inaiona.

Jibu: Huenda rauta yako inarusha masafa ya 5GHz tu, na laptop yako inajua ya 2.4GHz peke yake. Andika `netsh wlan show drivers`, angalia mstari wa Radio types supported. Ukiona b, g na n peke yake, bila a, ac wala ax, ndiyo hivyo. Ingia kwenye rauta uwashe 2.4GHz. Hata kwenye hotspot ya simu yako utakuta sehemu ya kuchagua.

Swali: Yangu inashika vizuri sebuleni, nikiwa chumbani inakata kila baada ya dakika chache. Wifi yangu yuko chumba hichohicho na simu yake haikati. (Wifi huyu ni dada wa mume wangu, msichanganye.)

Jibu: Msalimie wifi. Fanya mambo mawili. Kwanza, kwenye Device Manager ingia Properties za kifaa cha WiFi, Power Management, uondoe tiki ya kuruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa umeme. Ukurasa huo ukikosekana, usijali, si kompyuta zote zinao. Pili, rauta iko wapi? Kama iko nyuma ya TV au juu ya friji, ihamishe mahali pa wazi, juu kidogo. Na kama inakata wakati wa kupasha chakula, maikrowevu ndiyo mwizi wako, inafanya kazi kwenye masafa yaleyale ya 2.4GHz.

Swali: Ping zote zinajibu lakini kila tovuti inaniambia muunganisho si salama.

Jibu: Tazama saa na tarehe ya kompyuta.

Swali: Duh. Inasoma 2015.

Jibu: Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, kompyuta inayoishi 2015 inaviona havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Rekebisha tarehe sasa hivi. Kesho ukiiwasha ikarudi nyuma tena, badilisha betri ndogo ya duara kwenye ubao mama. Kwa kompyuta za mezani huwa ni CR2032.

Swali: Mimi niliweka ile tiki uliyokataza. Draiva imefutika, WiFi imepotea, na nahitaji intaneti ili kushusha draiva. Nifanyeje?

Jibu: Chukua simu ya Android na waya wake wa chaji, ichomeke kwenye kompyuta, halafu kwenye mipangilio ya hotspot washa USB tethering. Kompyuta itapata intaneti kupitia waya. Bando likiwa dogo, iache simu kwenye WiFi ya nyumbani, simu nyingi zitaipitisha hiyohiyo. Kisha nenda tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, tafuta modeli iliyoandikwa kwenye stika ya chini, ushushe draiva ya WiFi.

Swali: Imekubali! Naandika kutoka kwenye laptop yenyewe.

Jibu: Safi. Chomoa simu sasa, uone kama itabaki hewani.