Kwenda Lamu na watoto: tazama maji kwanza

Kabla ya kuuliza bei ya vyumba, uliza siku za safari zitaangukia tarehe ngapi za mwezi wa Kiislamu. Lamu matembezi mengi ni ya chombo, na chombo hufuata maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kama saa 10 alasiri na kupwa kama saa 4 asubuhi. Kila siku inayopita huchelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki yatajaa saa 4 asubuhi, ila hayo ni maji mafu, hayapandi sana.

Hesabu hiyo ndiyo itakayowafikisha Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda. Chombo hupita mkondo mwembamba katikati ya mikoko, na maji yakipwa mkondo unabaki tope. Ukichelewa saa mbili tu mkakwama, mtangoja muda wa saa nane na ushei maji yarudi, na watoto wana njaa na mbu. Chagua siku kati ya tarehe 12 na 15 za mwezi wa Kiislamu, au tatu za mwisho wake, maji yanapojaa mchana na alasiri. Panga na nahodha siku moja kabla: bei iwe ya chombo kizima pamoja na kungoja, na jaketi za kuokolea ziwe za kimo cha watoto. Zijaribisheni gatini, maana jaketi ya mtu mzima humchomoka mtoto akianguka. Fikeni saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, na muwe chomboni nusu saa baada yake. Mji huu wa ukuta uliachwa karne ya 17. Wape watoto kazi ya kutafuta kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria. Wasilipande, kwani watu wa kijiji cha Shela bado huja hapa kuomba mvua.

Asubuhi ni ya mji, kuanzia saa 2, kabla jua halijakaza. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani. Vichochoro ni vyembamba, vina ngazi na mifereji, kwa hiyo mdogo abebwe kwa leso. Anzeni Ngomeni, pale uwanja wa Mkunguni. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa gereza hadi 1984, na watoto huwa na maswali mengi zaidi juu ya gereza kuliko juu ya masultani. Juu kuna mandhari nzuri ya mapaa, lakini si pa kukimbizana. Makumbusho ya ufukweni yana vyombo vya bahari. Kwa walio chini ya miaka mitano nusu saa inatosha.

Punda ndio magari ya hapa. Ukisikia "simile!", bana watoto ukutani, upande mmoja wote, maana punda mwenye mzigo wa mchanga au matumbawe hasimami upesi. Wasipite nyuma yake karibu. Anayetaka kuwashika apelekwe hospitali ya punda iliyoko ufukweni, iliyoanza 1987. Ombeni ruhusa kwanza.

Saa 6 hadi saa 9, pumzikeni. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala, basi nunueni mahamri na maji mapema. Mabega na magoti yafunikwe mjini, na picha za watu ziombwe.

Shela ni kama kilomita 3 kutoka mjini. Kwa miguu ni dakika 45 kwa mwendo wa mtu mzima. Mpe mtoto zaidi ya saa moja, na mpite maji yakiwa yamepwa, kwa sababu yakijaa hufunika sehemu za njia. Mchanga unaendelea kilomita 12 bila mti wa kivuli, hivyo ni pa alasiri tu, kofia kichwani. Watoto waogelee upande wa kijiji. Kwenye mlango wa bahari mkondo huvuta hata siku iliyotulia, na ukivuka rasi mawimbi ni ya bahari kuu.

Kurudi mjini chukueni mashua. Wekeni miadi na nahodha mkiwasili Shela, ya kabla ya magharibi, na lipeni mkifika mjini.