Kufanya Kazi ya Karani wa Daktari kwa Intaneti Kabla ya Kuingia Chuo cha Udaktari Marekani

Nchini Marekani, anayetaka kusomea udaktari humaliza kwanza shahada ya kwanza, kisha huomba nafasi katika chuo cha udaktari, na katika maombi hayo hutarajiwa kuonyesha kwamba kazi ya tiba ameikaribia mwenyewe, si kuisikia tu. Njia mojawapo ya kuikaribia ni kuwa karani wa daktari, yaani mtu anayeandika katika rekodi ya kielektroniki yale yanayozungumzwa na kufanywa wakati daktari akimhudumia mgonjwa. Makarani hawa waliongezeka sana baada ya sheria ya HITECH ya mwaka 2009 kuzisukuma hospitali, kwa fedha za serikali, ziachane na mafaili ya karatasi, kwa sababu madaktari wengi walijikuta wakiitazama kompyuta kuliko mgonjwa. Siku hizi kazi hiyo hufanyika pia kutoka nyumbani: daktari huunganisha sauti ya chumba chake, na karani aliye mji mwingine husikiliza na kuandika. Mwongozo huu unawahusu vijana wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani na wenye nia hiyo.

Jambo la kwanza si kasi ya kuchapa, bali ni hati zako. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila kibali maalumu, na kukaa chumbani kwako ukifanyia kampuni kazi kwa intaneti hakuondoi sharti hilo. Kwa hiyo zungumza kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako. Fahamu pia kwamba vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei waombaji wasio raia wala wakaazi wa kudumu, hivyo soma masharti ya kila chuo kabla ya kupanga miaka yako.

Waajiri hupima uchapaji, na maneno 60 kwa dakika bila makosa mengi ni kiwango kizuri cha kujiwekea. Hupima pia istilahi za tiba, ambazo hujifunzwa haraka zaidi kwa kushika mizizi na viambishi vyake kuliko kukariri neno mojamoja. Kabla ya kutia sahihi mkataba, uliza kwa maandishi kama mafunzo yanalipwa, kama unafungwa kwa mwaka mzima, na nini hutokea ukiwa na mtihani. Malipo kwa kawaida ni madogo, kwa hiyo anayesaidia familia apige hesabu hiyo mapema.

Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za mgonjwa, na nyumbani mlinzi wa siri hizo ni wewe. Fanya kazi katika chumba chenye mlango unaofungwa, vaa vipokea sauti vya masikioni, geuza kioo cha kompyuta mbali na dirisha, na usiandike jina la mgonjwa kwenye kijikaratasi chochote. Wengi wetu tunaishi nyumba zenye watu, na shangazi anayeingia kukuletea chai hana nia mbaya hata kidogo. Hata hivyo anapaswa kuelezwa kwamba katika saa hizo haingii mtu. Ukiweza, unganisha kompyuta kwa waya, maana sentensi iliyokatika katikati huenda ndiyo iliyotaja kipimo cha dawa.

Sasa tuje kwenye uandishi wenyewe, ambao ndio kiini cha kazi. Muundo unaotumika sana ni ule wa SOAP, uliotokana na kazi ya daktari Lawrence Weed katika miaka ya 1960: kwanza maelezo ya mgonjwa, kisha yaliyoonekana na kupimwa, kisha tathmini ya daktari, mwisho mpango wa matibabu. Tuseme mwanamume wa miaka 58 anaeleza kwamba tangu siku 3 zilizopita kifua kinambana akipanda ngazi, akipumzika kinaachia, na katikati ya maelezo anasimulia safari ya mjukuu wake. Karani huandika umri, kifua kubana, siku 3, huja kwa kupanda ngazi, huachia kwa mapumziko. Mjukuu anaachwa, isipokuwa safari hiyo inahusu ugonjwa. “Hana kichefuchefu” huandikwa tu ikiwa daktari aliuliza na mgonjwa akajibu. Nawe, hata kama umeshasoma na unahisi ni moyo, huandiki jina la ugonjwa mpaka daktari alitaje. Hapo ndipo ninapoweka mkazo wangu wote: usiandike kisichosemwa wala kisichofanywa, kwa kuwa mtu mwingine atatibu kwa kutegemea maandishi hayo.

Hatari kubwa iko kwenye violezo vinavyojijaza vyenyewe. Kiolezo kinaweza kuandika kwamba mapafu ni safi wakati daktari hakugusa kifua, na wewe uliye mbali huoni alichofanya. Kubaliana naye tangu wiki ya kwanza kwamba atataja kwa sauti kila anachokikuta anapompima mgonjwa, na palipo kimya pabaki wazi. Kagua pia kulia na kushoto, na majina ya dawa yanayofanana masikioni: hydroxyzine hutumika kwa mwasho na wasiwasi, hydralazine hushusha shinikizo la damu. Katika vipimo andika 0.5 mg, kamwe si .5 mg, na andika 1 mg bila kuongeza nukta na sifuri, kwa kuwa nukta isipoonekana mgonjwa hupewa mara kumi ya dawa yake. Daktari ndiye anayesoma na kutia sahihi, lakini mara nyingi anasoma akiwa amechoka.

Siku moja huenda ukamsikia mgonjwa akizungumza Kiswahili, hasa katika miji iliyopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na ukagundua kwamba mkalimani ameruka maneno yake ya kwamba dawa alishaziacha. Usijigeuze mkalimani. Mtumie daktari ujumbe katika mfumo wenu wa ndani, umwombe aulize tena kuhusu dawa, na uandike jibu litakalotolewa. Kunyamaza hapo ni kumwacha mgonjwa peke yake.

Programu zinazosikiliza na kuandika zenyewe zimeenea, hasa tangu mwaka 2023, na katika kliniki kadhaa karani sasa huhariri kilichoandikwa na mashine. Muulize mwajiri jambo hili waziwazi. Kuhariri si kazi mbaya, lakini pendelea nafasi itakayokuwezesha kusikia mazungumzo yote ya daktari na mgonjwa, kwa sababu utakachobaki nacho ni namna daktari anavyofikiri: kwa nini aliagiza kipimo hiki, kwa nini alikataa kile.

Katika maombi ya AMCAS, mfumo wa pamoja unaotumiwa kuomba nafasi katika vyuo vingi vya udaktari vya Marekani, unaweza kuorodhesha shughuli zisizozidi 15, kila moja kwa herufi 700, na tatu kati yake huongezewa herufi 1,325. Kwa maoni yangu, ukarani wa mbali usisimame peke yake. Ambatanisha na kazi ya ana kwa ana, kama vile uuguzi msaidizi au kujitolea kwenye nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha, kwani vyuo vitataka kujua kama umewahi kukaa karibu na mgonjwa. Usitaje katika insha jambo lolote litakalomtambulisha mgonjwa. Barua ya mapendekezo iombe mapema: daktari asiyeijua sura yako hawezi kukueleza vizuri, basi mwombe dakika chache kila mwezi akukosoe maandishi yako, na ukiondoka mpe muda wa kutosha, pamoja na orodha ya yale uliyoyafanya chini yake.