Hofu ya kupanda ndege: mwongozo wa wiki tatu kabla ya likizo ya Zanzibar

Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar hukaa angani kama dakika 20. Mtu mwenye hofu ya ndege huanza kuiogopa safari hiyo tangu siku tiketi ilipokatwa. Usingizi unakatika, chakula hakishuki, na kila jioni anatafuta njia ya kuishawishi familia kwamba boti ni bora. Kazi yangu ni ushauri nasaha, na Desemba inapokaribia huja watu wa namna hii, wengine wakiwa wamekwisha kulipia hoteli Nungwi au Paje. Sehemu kubwa ya mateso yao haiko ndani ya ndege, iko kwenye zile wiki za kusubiri. Habari njema ni kwamba wiki hizo ndizo tunazoweza kuzifanyia kazi.

Nimepanga hatua hizi kwa wiki tatu. Kama umebakiwa na wiki moja, anza na hatua ya 1, kisha nenda moja kwa moja kwenye ya 3 na ya 5. Jambo moja tukubaliane mapema: usisubiri hofu iishe ndipo upande. Tunajiandaa kupanda tukiwa nayo.

Hatua ya 1: Andika unachokiogopa hasa

Chukua daftari, andika swali hili juu ya ukurasa: "Nikishakaa kwenye kiti, nini kitatokea?" Jibu kwa sentensi moja. Chini yake andika "Halafu?" na ujibu tena. Endelea mpaka jibu jipya lisipatikane.

Usiiruke hatua hii kwa kudhani unajua tayari. Mwalimu mmoja niliyemsaidia (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) aliandika mstari wa kwanza: "Ndege itaanguka." Nikamwomba aendelee. Ukurasa wake ukasomeka hivi: "Mlango utafungwa. Halafu? Moyo utaanza kwenda mbio. Halafu? Nitashindwa kupumua. Halafu? Nitapiga kelele niteremshwe. Halafu? Watu watanirekodi na wanangu wataniona." Alikuwa ametumia muda mrefu akisoma habari za usalama wa ndege, na hazikumsaidia kitu, kwa sababu hakuwa anaogopa ajali. Alikuwa anaogopa mwili wake mwenyewe mbele ya watu.

Kama mstari wako wa mwisho ni ajali, weka uzito kwenye hatua ya 2 na ya 5. Kama ni kufungiwa, kuishiwa pumzi au kuaibika, uzito wako uko hatua ya 3 na ya 4. Wapo pia wanaoogopa urefu tu, na hao kiti cha mbali na dirisha huwasaidia sana.

Hatua ya 2: Acha kutazama video za ajali

Simu yako inakusoma. Ukitazama video moja ya ndege iliyoanguka, utaletewa nyingine kumi, na rafiki kwenye kundi la WhatsApp ataongeza ya kwake. Kuanzia leo usizifungue, wala usitafute jina la shirika lako la ndege pamoja na neno "ajali". Unaona kama unafanya utafiti, lakini kila unapotafuta, akili inajifunza kwamba kuna hatari inayohitaji kuchunguzwa.

Simaanishi ujifanye hujui. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilitumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Kila Mtanzania anayeniambia anaogopa ndege huitaja siku ile, na ana haki ya kuikumbuka. Nisichokubaliana nacho ni kuifanya siku ile kuwa picha ya kila siku. Mwaka 2023, kwa hesabu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ndege ziliruka zaidi ya mara milioni 37 duniani, na ajali ya ndege ya abiria iliyoua watu ilikuwa moja. Soma takwimu kama hiyo mara moja, uiandike daftarini, ufunge. Ukiisoma kila usiku ili upate usingizi, nayo imegeuka dawa ya kulevya: inatuliza kwa saa moja, kisha unaihitaji tena.

Hatua ya 3: Jenga ngazi ya hofu

Hii ndiyo kazi yenyewe. Hofu haishuki kwa maelezo. Inashuka mtu anapokaa karibu na anachokiogopa kwa muda wa kutosha mpaka mwili ugundue kwamba hakuna kilichotokea.

Andika mambo nane hivi yanayohusu ndege, kuanzia linalokusumbua kidogo hadi linalokutisha zaidi, na kila moja ulipe alama kati ya 0 na 10. Ngazi ya yule mwalimu ilianza kwa kusema kwa sauti, "Tarehe 20 napanda ndege" (alama 3). Ikafuata kutazama picha za ndani ya ndege, hasa njia nyembamba katikati ya viti. Kisha kusikiliza sauti ya injini kwa spika za masikioni akiwa amefumba macho. Kisha kukaa siti ya nyuma kabisa dirishani kwenye daladala iliyojaa, bila kushuka kabla ya kituo chake. Hapo aliweka alama 6, maana kwa miaka alikuwa hapandi gari bila kukaa karibu na mlango. Juu ya hapo kulikuwa na kwenda Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere bila safari yoyote, kukaa sehemu ya wasindikizaji, na kutazama watu wakiingia na mabegi yao.

Kanuni ni tatu. Baki kwenye ngazi uliyopo mpaka alama ishuke walau nusu. Ukiondoka ikiwa juu, umeifundisha akili kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Rudia kila siku, hata kwa dakika 20, maana mara moja kwa wiki haitoshi. Na usijipe ganzi: usichezee simu, usimpigie mtu akufariji. Kaa na hofu yenyewe, utazame inavyopanda na inavyoshuka.

Wengi hukwama siku ya pili au ya tatu kwa sababu hofu huonekana imeongezeka. Ni kawaida, kwani umekuwa ukiikwepa na sasa unaiendea. Endelea.

Hatua ya 4: Uzoeshe mwili moyo kwenda mbio

Anayeogopa kuzidiwa ndani ya ndege huogopa dalili zaidi ya ndege: mapigo ya moyo, kizunguzungu, kifua kubana. Dalili hizo zinaletwa na adrenalini, homoni ileile inayomwagika ukimkimbilia mtoto aliyeingia barabarani. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 au pungufu, kisha huanza kushuka lenyewe, hata usipofanya lolote.

Jizoeze nyumbani. Panda na kushuka ngazi kwa kasi kwa dakika moja mpaka moyo udunde, halafu kaa kitini, funga mkanda wa nguo kiunoni, na usifanye chochote. Siku nyingine pumua kwa mrija wa soda kwa dakika moja ukiwa umebana pua. Utapata ile hali ya kukosa hewa, na utaona inavyopita. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa au ujauzito asifanye mazoezi haya kabla ya kuongea na daktari.

Kupumua polepole nako kuna nafasi yake: vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, itoe kwa mdomo ukihesabu 6, kwa dakika tano, asubuhi na jioni. Jifunze ukiwa umetulia. Anayejaribu kwa mara ya kwanza akiwa amezidiwa huishia kuvuta hewa nyingi mno, na kizunguzungu kinaongezeka.

Hatua ya 5: Jifunze sauti na mienendo ya ndege

Mtu mwenye hofu husikia kila kitu na hutafsiri kila kitu vibaya. Kwenye njia fupi kama hii sauti hufuatana haraka, kwa sababu ndege ikimaliza kupaa muda si mrefu huanza kushuka. Ziandike kwa mpangilio, uende na karatasi hiyo.

Wakati wa kuondoka, injini hunguruma kwa nguvu na mgongo unasukumwa kwenye kiti. Sekunde chache baada ya kuacha ardhi, kwenye ndege kubwa kidogo kama ATR (ndege ya abiria ya mapangaboi), utasikia kishindo chini ya miguu: magurudumu yanakunjwa. Muda mfupi baadaye mngurumo hupungua ghafla na tumbo linahisi kama ndege inazama. Hapa ndipo watu wengi hushika kiti na kufumba macho. Ndege haizami, bado inapaa. Rubani amepunguza tu ile nguvu ya ziada iliyohitajika kuiinua. Wakati wa kushuka utasikia mlio wa mota, vibao vya nyuma ya mabawa vinatolewa ili ndege iweze kwenda taratibu bila kuanguka, na magurudumu hushushwa kwa kishindo kingine. Baada ya kugusa ardhi, mapangaboi hutoa mngurumo mkubwa kuliko wote uliotangulia. Hiyo ni breki.

Kutikisika ndiko kunakotisha zaidi. Hewa haijakaa sawa: inapanda juu ya nchi kavu iliyopigwa na jua, inashuka penginepo, inazunguka kwenye mawingu. Ndege inapita humo kama gari kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, inaruka lakini njia yake ni ileile. Mabawa yametengenezwa yapinde, na kabla ya ndege kupewa cheti huthibitishwa kwamba yanahimili mzigo mara moja na nusu ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa. Watu wanaoumia ndege ikitikisika wengi wao ni wale ambao hawakufunga mkanda, kwa hiyo ufunge muda wote, na kazi yako imeishia hapo.

Angalia pia ni ndege ya aina gani. Za Zanzibar ni pamoja na ATR, yenye injini mbili na uwezo wa kuendelea kupaa hata injini moja ikizimika, na Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja ambamo unamwona rubani mgongoni. Kwa baadhi ya watu kumwona rubani akifanya kazi kunatuliza kuliko maneno yangu yote. Wengine hawawezi kabisa. Ndege ndogo hutikisika zaidi kwa sababu ni nyepesi na huruka chini, na injini ikizimika huendelea kuelea kwa mabawa huku rubani akitafuta pa kutua. Kwa safari ya kwanza chagua ndege kubwa zaidi, utakuwa umejipunguzia mzigo.

Hatua ya 6: Panga siku ya safari

Kata tiketi ya asubuhi. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto, hewa huanza kuchemka na mawingu hukua, ndiyo maana ndege za alasiri hutikisika zaidi. Omba kiti cha usawa wa mabawa, ambako mtikisiko huwa mdogo kuliko nyuma. Kula kitu chepesi; tumbo tupu linatetemesha mikono, na kahawa nyingi huharakisha moyo. Foleni za Barabara ya Nyerere unazijua, toka mapema.

Pombe usiguse. Vidonge vya usingizi au vya kutuliza ulivyopewa na jirani usimeze, na kama daktari amekuandikia, mweleze wazi kwamba unafanya mazoezi haya. Mtu aliyefika Zanzibar akiwa amelewa dawa hajajifunza kwamba anaweza kusafiri. Amejifunza kwamba dawa inaweza, na safari ijayo atarudi palepale.

Unayesafiri na mume, mke au dada, mpe maagizo kabla. Asiseme "usiogope" wala "hakuna kitu" kila dakika. Akuulize tu, "Alama ngapi sasa?" Ukijibu 8, aseme "sawa," akae kimya karibu yako.

Hatua ya 7: Ndani ya ndege

Mwambie mhudumu unapoingia kwamba unaogopa; wamezoea, na aibu hupungua jambo likishasemwa. Kaa, funga mkanda, weka mikono mapajani ikiwa wazi. Usikishike kiti kwa nguvu, usichunguze uso wa mhudumu, usisikilize injini ukiisubiri ibadilike. Hayo yote ni kulinda zamu, na yanauambia mwili kwamba hatari ipo.

Kuhusu sala: Mwislamu asome dua ya safari, Mkristo asome Zaburi ya 121, kisha akabidhi. Nimewaona watu wakirudia dua bila kupumzika kana kwamba wakinyamaza ndege itaanguka, na wanashuka wamechoka kuliko wangeogopa kimyakimya. Omba kwa utulivu, umalize, utazame nje.

Hofu ikipanda, iache ipande. Andika alama kwenye karatasi kila dakika tatu: 7, 9, 9, 8, 6. Kuiona ikishuka kwa mwandiko wako mwenyewe kunafundisha kuliko kuambiwa.

Hatua ya 8: Rudi kwa ndege

Wengi hufika Zanzibar wakashangilia, kisha wakarudi kwa boti. Usifanye hivyo. Kata tiketi ya kwenda na kurudi pamoja, kabla hujaondoka. Safari ya pili ndiyo inayothibitisha kwamba ya kwanza haikuwa bahati. Siku hiyohiyo ya kurudi, fungua daftari, linganisha ulichoandika hatua ya 1 na kilichotokea, mstari kwa mstari. Kisha panga safari nyingine ndani ya miezi michache, kwa maana hofu iliyoachwa mwaka mzima huota tena.

Kama umefuata ngazi kwa wiki kadhaa na alama hazishuki, au hofu imesambaa mpaka kwenye lifti, magari na umati, tafuta mwanasaikolojia. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na hospitali nyingi za rufaa zina watu wa kukusikiliza. Nenda na daftari lako, litampunguzia mtaalamu maswali mengi ya siku ya kwanza.