Kifungo cha mkufu kikianza kukwama

Ukitoka kuogelea baharini, tuseme Shangani au Msimbati kule Mtwara, na mkufu shingoni, usiuache ukaukie mwilini. Ndani ya kile kifungo chenye ulimi kuna springi ndogo, na mara nyingi ni ya chuma hata kama mkufu wenyewe ni dhahabu. Chumvi ikiganda humo springi hushika kutu, ulimi hubaki wazi, na mkufu hudondoka bila wewe kujua. Loweka kifungo dakika 10 katika maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, fungua na kufunga ulimi mara 20 hivi, suuza, kausha. Jiki usiiguse kabisa, inaharibu dhahabu na fedha.

Kinachoachia zaidi, hata hivyo, ni ile pete ndogo yenye mwanya, inayopokea kifungo. Wengi huitanua kwa kuvuta ncha kushoto na kulia. Ikishapoteza uduara haifungi sawasawa tena. Ishike kwa plaisi mbili, ncha moja isukume mbele, nyingine ivute nyuma. Ukiirudisha, pitiliza kidogo ndipo uilete mpaka ncha zigusane. Mwanga ukipita katikati, bado haijafunga.

Ulimi usiorudi wenyewe baada ya kuoshwa, badilisha kifungo chote.