Jinsi ya kuzielewa risepta za seli za kinga bila kukariri, tuanze na CD4

Mada ya risepta, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazopokea ujumbe kutoka nje, inawatesa watu wengi wanaosoma utabibu, uuguzi au maabara, na kwa maoni yangu si kwa sababu ni ngumu, ni vile tunavyopewa majina mfululizo CD3, CD4, CD8, CD28, CCR5, mtu anakesha anakariri na siku ya mtihani yote yamechanganyika. Achana na kukariri. Chukua karatasi na kalamu, chora risepta moja, halafu jiulize maswali matatu tu: huku nje ya seli inashika nini, kwenye utando imepita mara ngapi, na kule ndani mkia wake umeshikana na nani. Ukiyajibu hayo, kazi yake utaieleza mwenyewe.

Tuchukue CD4, maana hata bibi anayeenda kliniki kuchukua dawa za VVU atakwambia CD4 zake zimepanda. Kinachohesabiwa pale ni seli T (aina ya chembe nyeupe za kinga) zilizobeba hiyo protini, CD4 yenyewe ni protini moja iliyosimama kwenye utando.

Chora utando, mistari miwili. Juu yake weka vipande vinne vilivyopangana kama nyama kwenye mshikaki, viandike D1 mpaka D4, D1 ndiyo iwe juu kabisa mbali na utando. Shuka na uzi mmoja, upite utando mara moja tu, na huku ndani acha kamkia kafupi. Kwenye huo mkia ning'iniza Lck, hiki ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Usiisahau Lck, utaihitaji sasa hivi.

Pembeni yake chora risepta ya seli T yenyewe, TCR, ina minyororo miwili alfa na beta, na hiyo ndiyo inayotambua adui. Lakini angalia mikia yake, ni mifupi mno, haiwezi kutuma taarifa yoyote ndani! Ndiyo maana inazungukwa na CD3 pamoja na minyororo ya zeta, na hao ndio wenye mikia mirefu yenye sehemu za kubandikwa fosfeti, zinaitwa ITAM, ziko 10 kwa kila TCR moja. Hapa ndipo wengi wanaparuka, wanachora TCR peke yake halafu wanashangaa ujumbe umefikaje kwenye kiini.

Sasa lete seli ya pili, tuseme seli ya dendriti, ile ya kinga inayokamata wavamizi na kuwaonyesha kwa seli T, imemeza bakteria, imemkatakata, na kipande cha protini yake imekiweka juu ya HLA daraja la pili, protini iliyo kama sinia la kuonyeshea vipande, inakionyesha. TCR inashika kipande pamoja na HLA, na CD4 inakuja kwa ubavuni inashika HLA hiyohiyo, sehemu nyingine. Mshiko wa CD4 peke yake ni dhaifu sana, ila inaisogeza Lck karibu na ITAM, Lck inabandika fosfeti, ZAP-70, kimeng'enya kingine cha kubandika fosfeti, inakuja kukaa pale nayo inawashwa, kalsiamu inapanda ndani ya seli, na jeni zinaanza kufunguliwa. Fuata mpangilio huo kwa kidole kwenye mchoro wako, rudia mpaka uweze bila kuangalia.

Hiyo ni ishara ya kwanza tu. Lazima CD28, risepta nyingine ya seli T, nayo ishikane na CD80 au CD86, protini za juu ya seli ya dendriti, bila hiyo seli T inazubaa, haijibu. CTLA-4, nayo risepta ya seli T, inagombania hizohizo CD80 na CD86, na inazishika kwa nguvu kuliko CD28, kwahiyo yenyewe ni breki. PD-1 nayo ni breki, ya njia nyingine. Kuziachia hizo breki ndiko kulikozaa dawa mpya za saratani, na wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo wakapata Nobel mwaka 2018.

Mchoro ukishakaa kichwani ujaribu kwa VVU. Protini yake ya nje, gp120, inashika D1 ya CD4, ile ya juu kabisa, ikishashika inabadilika umbo na kufunua sehemu ya kushikia CCR5, risepta ya pili kwenye seli, hapo gp41, protini mwenzake wa gp120, inajichomeka kwenye utando na kirusi kinaingia. Iulize CCR5 maswali yetu: nje inashika kemokini (protini ndogo zinazoita seli za kinga ziende mahali fulani), kwenye utando inapita mara 7, ndani imeshikana na protini ya G, inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Kuna watu jeni yao ya CCR5 imepungukiwa herufi 32, waliorithi kwa wazazi wote wawili hawana kabisa CCR5 juu ya seli, Ulaya ya kaskazini ni kama mtu 1 kwa 100, huku kwetu Afrika ni nadra sana. Timothy Ray Brown, aliyekuwa na VVU, alipandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo kule Berlin mwaka 2007 na VVU havikurudi. Ila kuna virusi vinavyotumia risepta nyingine, CXCR4, badala ya CCR5, kwahiyo dawa ya maraviroc inayoziba CCR5 haiwafai wote, lazima kirusi kipimwe kwanza.

Wa maabara, hapa pa kwenu: ukihesabu CD4 kwa flosaitometa, mashine ya kuhesabu seli mojamoja, tumia kingamwili ya CD3 pamoja na ya CD4, maana monositi, chembe nyeupe za aina nyingine, nazo zina CD4 kidogo na zitakuharibia hesabu. Damu iwe kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kifuniko cha zambarau, na usiiweke kwenye friji. Mtu mzima mwenye afya huwa kwenye 500 hadi 1500 kwa mikrolita, kwa mwenye VVU chini ya 200 ni ugonjwa uliokomaa, huyo asiondoke bila kuchunguzwa TB na kriptokokasi (fangasi anayeweza kushambulia ubongo).

Zoezi: fanya mwenyewe risepta ya Duffy ya chembe nyekundu, ile ambayo malaria ya vivax inaitumia kuingilia na Waafrika wengi hawana. Nje utaona inashika kemokini, kwenye utando inapita mara 7, ila ukifika swali la tatu protini ya G huikuti, kwahiyo kabla hujasoma popote jaribu kuandika inazifanyia nini hizo kemokini kama haitumi ujumbe wowote ndani.