Kabla hujaripoti hitilafu ya kiendelezi kwenye Linux

Natunza kiendelezi kidogo (programu ya kuongezea kivinjari uwezo) cha Firefox kinachofungua viungo vya video kwenye mpv, programu ya kuchezesha video. Ripoti inayonifikia kuliko zote ni hii: "Hakifanyi kazi." Basi. Mtu anangoja jibu, nami sina pa kushika. Ninachohitaji ni njia ya kuiona hitilafu hiyo kwenye kompyuta yangu, nisiyekujua wala kuijua mashine yako.

Anza na profaili mpya, yaani seti tupu ya mipangilio na data za kivinjari. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, tengeneza profaili, kisha ifungue kwenye dirisha lake. Usiguse mipangilio; sakinisha kiendelezi kimoja tu, kile unachokishuku. Hitilafu ikipotea, kuna kiendelezi kingine au mpangilio wa zamani unaogombana nacho: rudi kwenye profaili yako ya kila siku, zima viendelezi nusu kwa nusu hadi mkorofi ajulikane. Hali ya utatuzi ya Firefox (Troubleshoot Mode) haitufai hapa, kwa kuwa inazima viendelezi vyote, mshukiwa akiwemo. Kwenye kivinjari cha Chromium, amri hii inatosha kukipa profaili mpya:

chromium --user-data-dir=$HOME/jaribio

Hitilafu ikijirudia, punguza hatua. Je, lazima uwe umeingia kwenye akaunti? Lazima vichupo viwe vingi? Ondoa kimoja kimoja, ubaki na hatua ambazo ukiruka hata moja, hitilafu haitokei.

Sasa Linux yenyewe, na hapa ndipo ripoti nyingi hupwaya. "Natumia Ubuntu" hainiambii la maana. Ubuntu 22.04 huja na Firefox ya Snap. Mwingine ameweka ya Flatpak, mwingine kifurushi cha deb; zote tatu ni njia za kufungasha na kusakinisha programu kwenye Linux. Snap na Flatpak huendesha kivinjari ndani ya kizimba kinachokitenga na mfumo uliobaki, na kiendelezi kama changu, kinachozungumza na programu iliyo nje, huweza kukwama papo hapo hata kama faili lake la JSON, linalokiambia kivinjari programu hiyo iko wapi, limekaa sawasawa ndani ya ~/.mozilla/native-messaging-hosts. Kwa hiyo jaribu pia Firefox ya tar (faili lililobanwa) kutoka Mozilla, watengenezaji wake: ifungue kwenye folda yoyote, endesha ./firefox, haihitaji kusakinishwa. Ikifanya kazi huko na kugoma kwenye Snap, umeniokolea jioni nzima.

Jambo la pili ni Wayland au X11, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye Linux. Fungua about:support, tafuta mstari wa Window Protocol. Ukiona wayland, funga Firefox kabisa, kisha iwashe hivi ili isitumie Wayland:

MOZ_ENABLE_WAYLAND=0 firefox

Menyu zinazotokea mahali pasipo pake na madirisha ibukizi yanayojifunga mara nyingi hubadilika tabia hapo. Niandikie matokeo, hata kama hakuna tofauti.

Kwa ujumbe wa makosa, fungua about:debugging, chagua "This Firefox", kisha ubofye Inspect kwenye kiendelezi husika. Konsoli ya kawaida ya ukurasa haionyeshi makosa yote yanayotokea nyuma ya pazia. Nakili maandishi yenyewe. Kwenye picha ya skrini ya ujumbe wa makosa siwezi kutafuta maneno. Video fupi nitaipokea ikiwa tatizo ni la kuonekana, kama menyu inayoruka.

Kama toleo la zamani la kivinjari lilikuwa salama, mozregression, programu ya kutafuta toleo la Firefox lililoanzisha hitilafu, ni chombo kizuri mno:

mozregression --good 120 --bad 126 --addon faili.xpi

Weka namba za matoleo yako. Itapakua matoleo ya katikati, nawe unajibu zuri au baya hadi badiliko lililoleta balaa libanwe.

Kichwa cha ripoti kitaje tukio na mazingira: "Kubofya kiungo hakufungui mpv, Firefox ya Snap, Wayland." Chini yake weka hatua, ulichotarajia, kilichotokea, matoleo ya kivinjari na kiendelezi. Hitilafu mbili ni ripoti mbili. Usibandike hadharani faili la HAR (kumbukumbu ya mawasiliano ya kivinjari na tovuti), linaweza kubeba vidakuzi vya akaunti yako.

Ipeleke kwanza kwa mtunzaji wa kiendelezi, kupitia kiungo cha msaada kwenye ukurasa wake katika tovuti ya viendelezi. Viendelezi kadhaa visivyohusiana vikivunjika kwa namna ileile, hata kwenye Firefox ya tar, hiyo ni hitilafu ya Firefox yenyewe: ipeleke bugzilla.mozilla.org, ambako Mozilla hupokea ripoti.