Kupanga kategoria na sifa kwenye WooCommerce: mfano wa duka la vifaa vya sola

Mteja wa Arua akiagiza inveta ya volti 12 kutoka Kampala akapokea ya 24, mzigo unarudi kwa basi, na nauli inakula faida yote. Mara nyingi anayelaumiwa ni kijana wa stoo. Lakini fungua katalogi ya duka lenyewe: "12V" imezikwa katikati ya aya ndefu ya maelezo, na hakuna mtu anayesoma aya ndefu kwenye simu.

Hapa natumia WooCommerce, programu-jalizi ya WordPress ya kuendesha duka la mtandaoni. Majina ya menyu nimeyaandika kwa Kiswahili. Kama dashibodi yako iko kwa Kiingereza, mahali pake ni palepale. Hifadhi nakala ya hifadhidata kwanza, kisha tuendelee.

Hatua ya 1: Tenganisha kitu na hali yake

Chukua karatasi. Kwa kila bidhaa jiulize: hiki ni kitu gani? Jibu ndilo kategoria: Paneli, Betri, Inveta, Kontrola za chaji, Taa, Nyaya. Kisha jiulize: kikoje? Majibu hayo ndiyo sifa: wati, ampea-saa (ujazo wa betri), mfumo wa volti, aina ya betri.

"Bei nafuu" na "Ofa ya Idi" zisiwe kategoria. Weka bei ya punguzo au tagi, maana ofa ikiisha hutaki kubaki na ukurasa mtupu. Chapa pia isiwe kategoria. Kuanzia WooCommerce 9.6 chapa zina sehemu yake ndani ya mfumo, bila programu-jalizi ya ziada.

Hatua ya 2: Unda kategoria

Nenda Bidhaa, kisha Kategoria. Jaza jina, jina fupi la kiungo (slug) na kategoria mama kama ipo. Ngazi mbili zinatosha. Ya tatu humchosha anayebofya kwa kidole gumba. Jina fupi lichague vizuri sasa hivi, kwa sababu ukilibadilisha baadaye, viungo vya kategoria hiyo ulivyokwisha kutuma WhatsApp vinaweza kufia kwenye ukurasa wa "haipatikani".

Hatua ya 3: Unda sifa za duka zima

Hapa ndipo penye kazi. Sifa unaweza kuiandika ndani ya bidhaa moja, au ukaiunda kwenye Bidhaa, kisha Sifa, itumike duka zima. Tumia njia ya pili kwa chochote ambacho mteja atachujia. Sifa iliyoandikwa ndani ya bidhaa moja haionekani kwenye kichujio, na hapo ndipo watu hudhani kichujio kimeharibika.

Kila thamani iwe na mwandiko mmoja tu. "100W", "100 w" na "Wati 100" kwa mfumo ni vitu vitatu tofauti, na mteja akichagua kimoja hataona bidhaa za viwili vingine. Mimi huweka kipimo ndani ya thamani, kwa sababu "100" peke yake kwenye kichujio haimwambii mtu kitu.

Kwa wati na ampea-saa, chagua mpangilio wa jina kwa namba. Ukiacha ule wa herufi, 100W itatangulia 50W. Jina fupi la sifa lisizidi herufi 28.

Sifa ninayoipa uzito kuliko zote ni Mfumo, yenye thamani 12V, 24V na 48V. Usiiite "Volti" tu. Inveta ina volti za upande wa betri na volti 240 zinazotoka, na paneli inayouzwa kama ya 12V hufanya kazi karibu na volti 18. Ukiingiza namba zote hizo kwenye sifa moja, umemvuruga mteja na fundi wake. Mfumo ujibu swali moja tu: kifaa hiki kinafungwa kwenye seti ya volti ngapi? Sifa hiyohiyo ibebwe na betri, inveta, kontrola na taa za DC (zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja), ili mtu akibofya 12V aone vifaa vya seti yake. Kontrola inayojitambulia 12V na 24V ipewe thamani zote mbili.

Hatua ya 4: Amua kipi kiwe na matoleo

Taa za DC ni mfano mzuri: wati 3, 5, 7 na 9, kitako cha pini (B22) au cha skurubu (E27). Hiyo ni bidhaa moja yenye matoleo 8. Chagua aina ya bidhaa yenye matoleo, ongeza sifa hizo mbili, weka alama kwamba zinatumika kwa matoleo, hifadhi, kisha yazalishe. Kila toleo lipe bei na nambari ya stoo (SKU), yaani namba ya kulitambulisha. Toleo lisilo na bei mteja hawezi kulinunua, hata kama rafu imejaa. Na kama E27 ya wati 9 huiuzi, lifute toleo hilo.

Paneli ya 100W na ya 200W nazitenganisha kuwa bidhaa mbili. Ukubwa, picha na gharama ya kusafirisha ni tofauti, na watu hutafuta "paneli 200W" moja kwa moja.

Hatua ya 5: Vichujio na faili la CSV

Vichujio vinne au vitano vinatosha kwenye simu: Mfumo juu kabisa, kisha wati, ampea-saa, aina ya betri na bei.

Kwa bidhaa nyingi, tumia faili la CSV, yaani jedwali la kupakia bidhaa zote kwa mkupuo. Kategoria ndogo huandikwa kwa alama ya >, mfano Taa > Taa za DC, na thamani za sifa hutenganishwa kwa koma. Kwa hiyo waya wa 2.5mm uandike kwa nukta. Ukiweka koma, mfumo utasoma thamani mbili, "2" na "5mm". Safu inayosema sifa ni ya duka zima iwe na 1. Unapopakia upya, weka alama kwenye kisanduku cha kusasisha bidhaa zilizopo. Mfumo utazitambua kwa nambari ya stoo. Jaribu kwanza na mistari mitano, kisha fungua duka kwenye simu, bofya 12V na uone kinachotokea.